Safari Alizosemewa Mama Akwii

Malaba, 5 Februari 2024

Kwako mkaza mwanangu mpendwa, Mama Akwii,

Nakutolea salamu nyingi za heshima, wewe na mama yako mgonjwa, pamoja na wote waliokusanyika chini ya paa lake hapo Funyula. Kabla ya neno lolote naomba radhi. Benedetta, yule mchuuzi wa omena, alinifikishia habari zako kitambo, nami nikamwahidi jibu kesho yake. Lakini mkono wangu umekuwa mzito, na miwani yangu imevunjika mkono mmoja, nikawa naisoma dunia kwa kuifunga uzi sikioni. Ungeweza kudhani nimekupuuza. Sivyo hata kidogo. Unajua pia kwamba simu hainifai tena. Sikio la kushoto limekufa, na la kulia humsikia tu mtu aliyenisimamia karibu. Karatasi haihitaji masikio. Tena kwa watu kama mimi na wewe, ambao desturi haituruhusu kuketi mkeka mmoja wala kupeana mkono, barua ni adabu inayotufaa.

Habari za boma ni njema kwa kiasi. Akwii hajambo, mwalimu wake wa hesabu alimsifu kanisani mbele ya watu, nami nikajifanya sikusikia ili arudie kwa sauti. Ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike. Mumeo Mathews bado yuko na lori lake njia ya Juba, na sauti yake sijaipata.

Kuna jambo moja ambalo huenda likakufurahisha. Wiki ile uliyoondoka, siku chache kabla ya safari yako, asubuhi moja walikuja vijana wawili, mvulana na msichana, wamevaa vizibao vya rangi ya chungwa na wameshika tableti. Walisema wametumwa na watu wa barabara kupita kila kaya na kuuliza: jana kila mtu alikwenda wapi, kwa miguu au kwa pikipiki, na kwa shughuli gani. Barabara kuu itapanuliwa kwa ajili ya malori, nao wanataka kujua watu huvukia wapi ili wawaachie nafasi. Walinikuta nimeketi na bakuli langu la uji. Waliponiuliza walipo wenzangu, nikasema Akwii yuko shuleni, Mathews yuko safarini, na wewe uko shambani.

"Basi, mzee," akasema yule mvulana, "wewe ndiwe mkuu wa kaya. Unaweza kujibu kwa niaba yao."

Nikajibu. Akwii nikasema alikwenda shule akarudi. Wewe nikasema hukutoka bomani. Msichana akainama karibu na sikio langu: "Hata sokoni, mzee? Hata mtoni?" Nikamjibu kwa upole kwamba mke wa mwanangu si mtu wa barabarani. Akataka kujua kama warudi jioni wakuulize mwenyewe. Nikaona ni kuwasumbua bure watoto wa watu. Mvulana akamwambia, "Andika sufuri twende, jua linapanda." Wakashukuru, wakaenda kwa Mzee Alinga.

Nilifurahi kwamba nilikutunzia jina lako mbele ya wageni. Mpe mama yako pole zangu; nimemweka katika rozari ya jioni.

Nisamehe kwa urefu wa barua hii. Nimempa Benedetta, ambaye ameleta dagaa wake wa omena hapa Malaba na anarudi huko kesho.

Baba mkwe wako,
Paulinus Omagor


Funyula, 1 Machi 2024

Kwako Baba, Mzee Paulinus Omagor,

Nakuamkia kwa magoti. Barua yako niliipata na nimeisoma zaidi ya mara moja. Mama bado hawezi kuinua mkono wa kulia, na maneno yake yanatoka nusu. Tunamgeuza, tunamlisha. Ananiuliza kila siku lini nitarudi kwangu. Nikimwambia nitarudi, anasahau, anauliza tena. Kwa hiyo nisamehe wewe pia kwa kuchelewa.

Nimefurahi kwa ajili ya ndama. Hapa kwetu mvua bado.

Kuhusu wale vijana wa barabara, Baba, mimi sina neno. Ulijibu kama baba wa boma anavyojibu. Ningependa kujua tu kama Mzee Alinga na wazee wengine walijibu hivyo hivyo juu ya wake za wana wao. Na kama utapita kando ya barabara kuu, pale lilipo kalvati la kupitishia maji chini ya lami, tafadhali utazame kama wamechora alama za rangi.

Mwambie Akwii asisahau niliyomwagiza. Avae sweta asubuhi, na asikimbie.

Barua hii nampa Benedetta, mkono uleule ulioniletea yako.

Mkaza mwanao,
Petronilla Mugeni


Malaba, 9 Aprili 2024

Kwako mkaza mwanangu mpendwa, Mama Akwii,

Amani ya Pasaka iwe nanyi, ingawa nakupa salamu hizi Pasaka yenyewe ikiwa imekwisha pita. Homa ilinilaza Juma Kuu lote. Baba Paroko alinijia na komunyo hapa kitandani. Sasa naweza kufika mpaka barabarani kwa mkongojo. Naomba uniwie radhi.

Nilifika kwenye kalvati kama ulivyoniomba. Ndiyo, wamechora. Mstari mwekundu unatoka huku malori yanakoegeshwa, unapita njia yetu ya miguu, unakwenda moja kwa moja hadi makutano ya mbali. Ramani imebandikwa nje ya ofisi ya chifu. Katikati ya barabara patajengwa ukuta wa zege, usiovukika, na nafasi ya kupitia itakuwa huko makutanoni tu, ambako malori hugeuka. Niliuliza kwa nini hawakuacha hata upenyo mmoja hapa petu. Karani akanipigia kelele sikioni kwamba hapa hakuna watu wanaovuka. Nikakubali. Nilikubali kwa moyo mweupe, Mama Akwii, kwa sababu ndivyo nilivyojua.

Kesho yake niliamka kabla ya wakati wangu, homa ikiwa imeniacha na kiu. Nikamkuta Akwii anaingia kwa nyuma ya nyumba yangu, sketi imeloa hadi magotini, beseni kichwani.

"Umetoka wapi, wewe?"

"Kutembea, Babu."

"Kutembea na beseni la wimbi?"

Akacheka. Wajua babu na mjukuu hutaniana, hatuna desturi ya kufichana nyuso. "Kwani, Babu, ulidhani wimbi linaota ndani ya sufuria?"

"Mama yako anajua?"

"Mama ndiye aliyenionyesha mawe ya kukanyaga pale mtoni. Lakini usimwambie nimekuambia. Atanichapa kutoka huko huko Funyula, kwa barua."

Kisha akaoga, akavaa sare, akaenda shuleni. Mimi nilibaki nimeketi na bakuli langu, nikashindwa kunywa.

Naomba radhi kwa kuuliza jambo ambalo baba mkwe hapaswi kumwuliza mke wa mwanawe. Desturi inasema nisijue unakotoka wala unakokwenda. Nimeishika desturi hiyo tangu ulipoingia bomani, nikadhani kutojua kwangu ni heshima kwako. Uliuliza juu ya wazee wengine. Nimewatembelea. Alinga alijibu kama mimi, na jirani yake, na jirani ya jirani. Wote walisema wake za wana wao wako nyumbani. Niambie, tafadhali, kama desturi itatusamehe sote wawili: je, ulikuwa nyumbani?

Barua hii inabebwa na katekista wetu Barnabas, ambaye ana semina huko Funyula.

Paulinus Omagor


Funyula, 26 Aprili 2024

Kwako Baba,

Nakuamkia kwa heshima. Mama amelala sasa, ndiyo maana nimepata nafasi. Hali yake inashuka.

Umeniuliza, nami nitajibu, kwa kuwa karatasi haina uso. Sikuwa nyumbani, Baba. Siku walipokuja wale vijana nilikuwa ng'ambo ya mto, upande wa Uganda. Na jana yake, siku waliyokuulizia, nilikwenda ng'ambo alfajiri, nikarudi. Nikaenda tena jua likiwa kichwani, nikarudi. Na jioni, ulipokuwa unasali rozari, nilikuwa Malaba mjini nikiuza nyanya za Uganda kwa wanawake wanaopikia madereva. Ndivyo ilivyokuwa karibu kila siku. Tunapita nyuma ya nyumba zenu, tunashuka kwenye kalvati, tunavuka barabara kuu mbio, kisha tunavuka mto penye mawe. Apolot, mke wa mwana wa Mzee Alinga, ndiye mwenzangu. Yeye huimba tukifika kwenye lami ili tusiogope.

Uji uliokuwa mkononi mwako siku ile ulikuwa wa wimbi nililolibeba alfajiri ya jana yake.

Juu ya Mathews sitaandika kitu. Wewe ni baba yake na unahesabu miezi ya kimya chake kama mimi.

Nilipokuja kumuuguza Mama nilimwachia Akwii safari ya alfajiri tu, si ya mchana wala ya jioni. Nilimwambia apite pamoja na Apolot. Nilijua ni vibaya. Nilijua pia debe la unga lilikuwa na kiasi gani.

Ukuta ukijengwa, Baba, wanawake hawataacha kwenda. Kwenda makutanoni ni mbali, na huko malori hugeuka bila kutazama. Watapenya katikati ya malori yaliyoegeshwa, wapande ukuta gizani na mizigo kichwani. Na Akwii atakuwa kati yao. Ninakuomba uende Amagoro kwa wakubwa wa barabara uwaambie ukweli. Wapelekee barua hii ikibidi. Nitavumilia aibu.

Na uniombee radhi kwa wazee kwa kuwa nimeyasema haya.

Katekista Barnabas anarudi nayo.

Petronilla Mugeni


Malaba, 3 Juni 2024

Kwako mkaza mwanangu mpendwa,

Sijui nianzie wapi na makosa yangu. Mama yako ametangulia mbele za Mungu, amezikwa, nami baba mkwe wako sikusimama penye kaburi lake. Mbuzi niliyemtuma kwa mkono wa binamu ya Mathews si kitu. Mbuzi hamlilii mtu. Ndugu zako wana haki ya kunilaumu, nami nakubali lawama yao. Nitakueleza kwa nini sikuja, si kwa kujitetea, bali kwa sababu jambo lile ulilonituma lilinishika siku ileile.

Nilikwenda Amagoro. Ofisini nilimkuta kijana aitwaye Quinton, mpole, amevaa tai. Ilimbidi apaze sauti sikioni mwangu hata ofisi nzima ikatusikiliza.

"Mzee, sisi hatubuni kitu," akasema, akinionyesha kompyuta yake. "Tazama. Boma lako: mke wa mwana, sufuri. Boma la Alinga: mke wa mwana, sufuri. Linalofuata, sufuri. Kila mahali mzee alipojibu, wanawake hawana miguu! Mahali mwanamke alipojibu mwenyewe, lo, hatulii, anavuka mara hii na mara ile. Lakini hao waliojibu wenyewe walikuwa wachache sana. Wakubwa walidhani labda wameongeza chumvi."

Nikamwuliza kwa nini basi walituuliza sisi. Akakuna shingo. Alisema vijana wao walilipwa kwa idadi ya kaya, na mtu aliyeko nyumbani ni mwepesi kuliko mtu wa kungojwa.

Nikatoa barua yako. Aliisoma yote, naye hakucheka. Kisha akanirudishia. "Mzee, hii nayo ni wewe umemsemea. Ndivyo tulivyokosea kwanza. Nahitaji kusikia vinywa vyao wenyewe." Akapanga mkutano katika uwanja wa shule ya msingi. Wanawake waje waseme, naye angeomba ramani ibadilishwe kabla zege halijamwagwa. Siku aliyoitaja ndiyo siku mliyompangia mama yako kuzikwa. Nililala na mambo hayo mawili kifuani, nikachagua walio hai. Sijui kama nilichagua vema.

Watu walikuja wengi. Sisi wazee tulipewa viti vya plastiki mbele. Wanawake waliketi nyasini nyuma yetu, wamegeuza nyuso pembeni kama ipasavyo mbele ya baba wakwe. Quinton akashika kipaza sauti.

"Akina mama, ni nani kati yenu huvuka pale kwenye kalvati?"

Akapitisha macho juu ya nyasi yote.

"Jamani, hata mmoja?"

Kijana wa bodaboda akapiga kelele, "Hawavuki, bosi, wanaruka!" Watu wakacheka. Nikageuka. Apolot alikuwa ameinuka nusu, goti moja chini, mkono umeanza kupanda. Alinga naye akageuza shingo kuona watu wanacheka nini. Apolot akashuka, akavuta leso yake mabegani kana kwamba aliinuka kuirekebisha tu.

Hapo ndipo nilipoelewa, nikiwa mzee wa miaka yangu yote. Hawakukosa la kusema. Sisi tulikuwa tumeketi mbele yao. Ni mwanamke gani angesimama mbele ya baba wa mume wake aseme kwamba hushinda barabarani? Nikainuka. "Wazee wenzangu," nikasema, "naomba tutoke kidogo, akina mama waseme."

"Omagor," Alinga akajibu, kwa sauti ambayo hata mimi niliisikia, "kama kibofu kimejaa nenda peke yako. Usituaibishe."

Walicheka sana. Nikatoka. Nilisimama nyuma ya darasa, karibu na tangi la maji, nikingoja nione nani atanifuata. Hakuna aliyenifuata. Na kutoka kwangu hakukufungua kinywa cha mtu yeyote, kwa maana mimi nina mkaza mwana mmoja tu, nawe ulikuwa Funyula unamzika mama yako.

Iliandikwa kwamba wanawake walikuwapo na hawakuwa na pingamizi.

Nimemkataza Akwii kuvuka. Ameniahidi.

Nakulilia pamoja na wafiwa wote. Benedetta ataleta barua hii. Nimemwagiza aiweke mkononi mwako, si mwa ndugu zako, ili hasira yao isiikute njiani.

Paulinus Omagor


Malaba, 19 Agosti 2024

Kwako mkaza mwanangu mpendwa,

Nakusalimu tena, ingawa barua yangu ya mwezi wa sita haikupata jibu, na sikulaumu. Huenda huzuni bado imekufunga mkono. Huenda umechoka na mzee anayeomba radhi. Nikiwa nimechelewa safari hii, ni kwa sababu nimeanza barua hii nikaichana mara kadhaa.

Ukuta umejengwa. Unafika kifuani pangu. Kila asubuhi kuna alama za matope juu yake, za viganja na za nyayo.

Apolot amefariki. Alikuwa amepenya kati ya malori mawili yaliyoegeshwa, na la nyuma likaondoka dereva asimwone. Ilikuwa alfajiri. Tulipofika, nyanya zilikuwa zimetawanyika juu ya lami hadi chini ya magurudumu, na beseni lake limekunjwa kama karatasi. Askari wa trafiki alimwuliza Alinga mbele yetu sote marehemu alikuwa akienda wapi saa hizo.

"Huyu si mtu wa kutoka," akasema Alinga. "Sijui amefikaje hapa."

Askari akaandika. Nilimtazama Alinga. Hakusema vile kwa ukatili. Alikuwa anamtunzia jina, na hakuwa na kitu kingine cha kumpa. Nami niliyejua nikaacha liandikwe hivyo.

Tulimzika Jumamosi. Hapa bomani sote tu wazima. Akwii anakula kidogo, nadhani ni joto.

Benedetta anangoja mlangoni na ndoo zake, basi nampa hii kabla sijaichana.

Paulinus Omagor


Funyula, 30 Agosti 2024

Baba,

Nakuamkia. Sikujibu kwa sababu sikuwa na jibu zuri, nami sikutaka kukupa baya.

Apolot alikuwa dada yangu kuliko dada zangu.

Hukuniandikia kwamba Akwii alikuwa pamoja naye. Benedetta ndiye aliyeniambia. Alisema mtoto alikuwa nyuma ya Apolot, kwamba alirudi nyumbani amesahau beseni, na kwamba tangu siku hiyo hasemi. Uliandika ni joto.

Baba, sirudi Malaba. Nyumba hii ina watoto wa marehemu kaka yangu na hawana mtu mwingine sasa. Kuhusu Mathews ningekuambia mengi, lakini naona unayajua. Ninajua kwamba mtoto ni wa boma la baba yake na kwamba hakuna mzee wa huko atakayekubali. Hata hivyo naomba. Nipe mtoto wangu.

Mungu akulinde.

Petronilla


Malaba, 14 Septemba 2024

Kwako Petronilla, binti yangu,

Nisamehe kwa kukuita kwa jina; si adabu, lakini leo sina lingine linalotosha.

Ni kweli. Alikuwa nyuma yake. Nilimkataza mwezi wa sita naye akatii. Unga ulipokwisha sikumkataza tena kwa sauti. Asubuhi moja nilisikia mlango wa jikoni, kwa sikio hilihili linaloshindwa na simu, nikageukia ukutani. Yale ya joto niliyaandika kwa sababu nilijua ungefanya hivi ulivyofanya, nami sikutaka kubaki peke yangu. Hayo ndiyo yaliyokuwamo moyoni mwangu, na sasa umeyapata kutoka kwangu.

Wazee waliniketisha. Alinga hakuwapo, hatoki nyumbani siku hizi. Wengine walisema ninavunja boma la mwanangu kwa mikono yangu, na kwamba mtoto wa Mathews hawezi kulelewa huko kwenu Usamia kama yatima. Niliwasikiliza wote kwa heshima. Nikawaambia nimekwisha mjibia mtoto huyu mara moja mbele ya wageni, na ilitosha. Mathews nimemtumia ujumbe kwa kijana wa jirani. Kijana anasema umesomwa. Jibu halijaja.

Mwalimu mkuu ametoa karatasi ya uhamisho. Sare zake zimefuliwa. Ndama jike ni wake. Nitamtunza huku hadi utakaponiambia namna ya kumfikisha, na ukiona ni usumbufu, nitaelewa. Nimemfungia sweta juu ya mizigo kwa kuwa asubuhi kuna baridi.

Ameanza kusema kidogo. Jana aliniuliza nani atanipikia uji. Nikamwambia najua kuwasha moto tangu kabla ya bibi yake. Akanitazama, naye hakucheka.

Usiniulize mimi jinsi alivyosafiri, wala alichokiona siku ile, wala kama anataka kukaa huko au la. Ningeweza kukuandikia kurasa, na zingekuwa maneno yangu. Mwulize mwenyewe, na kama atachelewa kujibu, mngoje.

Benedetta atakuwa kando yake katika gari mpaka Funyula, lakini ndoo zake zinamtosha kubeba. Barua hii inaletwa na Akwii. Ukimaliza kuisoma, tafadhali usimrudishe na majibu.

Paulinus Omagor